Mistari Inayojirudia

Bi Hadija alizikwa jana alasiri huko kwao Kwedizinga, na leo asubuhi nimerudi Korogwe nikiwa sina nguvu hata ya kuchemsha chai. Nimekaa kitandani, viatu vina vumbi jekundu, simu nimeizima. Kila nikijaribu kumlilia namkumbuka akiwa hai, na nikimkumbuka akiwa hai naukumbuka mwaka ule tuliokaa ua mmoja, na hapo machozi yanakatika kwa sababu aibu inakuja kukaa mahali pake. Mwaka ule nauita wa mwisho wa ujana wangu. Haijapita miaka mingi, na kwenye mikutano ya vijana bado naruhusiwa kuketi viti vya mbele, lakini mimi najua siku niliyoacha kuwa kijana, na najua nilikuwa nimekaa kwenye kiti gani. Wazazi wangu, shule nilizosoma, jinsi nilivyofika Korogwe, hayo yote nitayaruka. Hayakunisaidia mwaka ule na hayatanisaidia sasa.

Kilikuwa kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, katika chumba cha kupanga pale Manundu, nyuma ya mashine ya kusaga. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi ya kijani hadi nusu, halafu ama rangi iliisha ama mpakaji alichoka. Unga ulipenya dirishani ukatua juu ya kila kitu. Hata kibodi ya kompyuta yangu ilikuwa na weupe katikati ya herufi, na mashine ilipoanza kunguruma asubuhi tulilazimika kuongea kwa sauti kubwa kama watu wanaogombana. Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Anselmi, kijana mrefu, mpole, mjukuu wa vibarua waliotoka kusini kuja kukata mkonge, aliyekulia kwenye makambi ya shamba nje ya mji na kujifunza mwenyewe kuandika programu. Yeye ndiye aliyepata kazi kutoka kampuni moja ya Dar es Salaam, na yeye ndiye aliyeniita nimsaidie kwa kuwa alisikia ninaandika Kiswahili kilichonyooka.

Programu aliyoitengeneza ilikuwa ya slaidi, zile kurasa zinazomulikwa ukutani mtu anapozungumza na mkutano. Tofauti yake na nyingine ni kwamba haikutumiwa na mtu. Ilitumiwa na akili mnemba. Unaiambia kwa maneno ya kawaida, nitengenezee slaidi kumi za mkutano wa wakulima, nayo inakwenda yenyewe, inachukua zana moja baada ya nyingine, ya kuweka kichwa cha habari, ya kupanga jedwali, ya kubandika picha, mpaka inamaliza. Akili ya namna hiyo, inayotenda kwa niaba ya mtu, tuliiita wakala, na tulimsema kama tunavyomsema binadamu. Sasa wakala hajui zana zako mpaka umweleze. Lazima paandikwe mahali kwamba zana hii inafanya nini, inataka kupewa nini, itumike lini, isitumike lini, na mfano mmoja au miwili. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa mwandishi wa mwongozo ambao hakuna binadamu aliyetarajiwa kuusoma.

Mwanzoni niliandika kama nilivyolelewa. Niliandika "ikiwezekana, picha isizidi nusu ya slaidi," na "ni vizuri kuacha nafasi pembeni." Wakala akawa anabandika picha zinazojaza ukuta mzima na maandishi yamebanwa kona kama vile yanasubiri kufukuzwa. Anselmi alicheka mpaka akashika tumbo. "Dada Mwantumu," akaniambia, "huyu ukimwambia ikiwezekana, anajiuliza kama inawezekana, anaona haimlazimu, anaendelea na yake. Usimbembeleze. Mwamrishe. Na usidhani atakumbuka ya jana. Kila kazi anaanza upya, anausoma mwongozo wako kama hajawahi kuuona, anauamini wote." Basi nikajifunza kuamrisha. Weka. Ondoa. Usizidishe. Kila nilipofuta "tafadhali" na kuandika amri, slaidi zilitoka safi, na mimi niliyekuwa nimezoea kutumwa dukani na watu wazima wa ukoo mzima nikajikuta natiiwa neno kwa neno. Siwezi kusema uongo, nililipenda jambo hilo. Nilikuwa natoka chumbani kwangu asubuhi kwenda kile cha kazi, ua ule ule, nikiwa na haraka ya kuamrisha.

Vyumba viwili vya mbele vya ua ule alipanga Bi Hadija, mama wa makamo kutoka Kwedizinga, aliyekuwa na banda la chakula kando ya barabara. Saa saba mchana alikuwa anaingia bila kubisha, sahani mbili zimefunikwa kwa sahani mbili, ugali wa muhogo, dagaa, na mara nyingi mboga ya mchunga iliyopikwa kwa nazi. Anselmi alilalamika kila siku kwamba mchunga ni mchungu, na kila siku alijibiwa vile vile, "Uchungu ndiyo wenyewe, baba. Kula." Hakuondoka mpaka ameona tumeanza. Alisimama mlangoni, mikono imefungwa kwenye khanga, akatuuliza habari za kazi kama anavyouliza mtu habari za mgonjwa.

"Leo mmemfundisha nini huyo mtu wenu?"

"Leo tumemfundisha kupanga jedwali, mama."

"Na yeye hachoki?"

"Hachoki."

"Basi maskini," akasema, na kweli alionekana kumhurumia.

Siku moja alinikuta peke yangu, Anselmi amekwenda kutafuta mafuta ya jenereta, akaniuliza jina langu nilipewa na nani. Nikamwambia ni la bibi yangu mzaa baba, na kwamba baba hajawahi kuniita Mwantumu hata mara moja. Ananiita mama, na shangazi zangu tangu natambaa walikuwa wakiniamkia shikamoo kwa utani. Bi Hadija akacheka, akakaa kwenye kiti cha Anselmi, jambo ambalo hakuwa analifanya. Akasema na yeye alifanya hivyo hivyo. Mtoto wake wa pekee alimpa jina la mama yake mzazi, Mwanahamisi. Mumewe aliitwa Athumani, na baba wa mama yake naye alikuwa Athumani, kwa hiyo mtoto akawa Mwanahamisi Athumani kama bibi yake, jina zima. "Nilikuwa namwogesha huku namwambia, mama, tulia. Na mama mwenyewe amekaa pale anatuangalia, anacheka." Mtoto alikufa kwa homa akiwa na miaka minne, akazikwa pembeni mwa shamba la mumewe. Bibi naye akafuata baada ya miaka kadhaa, akazikwa upande wa pili wa njia, kwenye shamba la kaka yake Bi Hadija, Mzee Rajabu. Mume alikwenda kutafuta maisha, hakurudi, na kwao hakubaki mtu. Aliyasema haya kwa utulivu, kisha akakusanya sahani akaenda zake.

Kwa hiyo nilijua. Nataka hili lieleweke kabla sijaendelea. Nilijua kwa jina langu mwenyewe, na nilijua kwa kuambiwa na yeye, kwamba kwetu watu wawili wanaweza kuwa na jina moja bila kosa la mtu yeyote, na kwamba mara nyingi watu hao ni wa nyumba moja.

Miezi miwili hivi baada ya mazungumzo yale tulikuwa tunajaribu orodha ya wauza mbegu. Duka moja liliandikwa mara tatu na wakala akaliweka mara tatu, slaidi ikajaa, herufi zikawa ndogo hata mimi mwenye macho mazuri nikashindwa kusoma. Nikaongeza mstari kwenye maelezo ya zana ya jedwali: "Kabla ya kuweka jedwali, ondoa mistari inayojirudia. Jina likionekana zaidi ya mara moja, libakize mara moja." Nikajaribu tena. Duka likabaki moja, herufi zikakua, slaidi ikapendeza. Anselmi alipita nyuma yangu na kikombe cha chai, akasoma, akasema, "Safi." Ilituchukua dakika tano, pengine pungufu. Nilikuwa nawaza maduka, na baada ya hapo sikuuwaza tena ule mstari.

Kiangazi cha mwaka ule barabara ya udongo inayopita yale mashamba ikawa inapanuliwa, na makaburi yote yaliyokuwa kwenye njia yake yalitakiwa kuhamishwa. Kampuni ya upimaji iliyopewa kazi ya kuyaorodhesha, ambayo jina lake sitalitaja, ilikuwa mteja wa programu yetu. Watu wao walipita nyumba kwa nyumba wakijaza fomu kwa mkono, jina la marehemu, kitongoji, jina la aliyetoa taarifa. Fomu zikapigwa picha, zikapewa wakala, wakala akatengeneza slaidi za kuonyeshwa wananchi ili kila mmoja amuone mtu wake na aseme kama amesahauliwa. Orodha hiyo hiyo ndiyo waliyopewa wachimbaji. Anselmi alipojua ni wapi alimwita Bi Hadija chumbani. "Mama, slaidi zetu zinakwenda kwenu," akamwambia, na yule mama akaitikia kwa kichwa, kwa fahari, kana kwamba yeye ndiye aliyetuzaa.

Alikwenda kwenye mkutano amevaa khanga mpya. Alirudi kesho yake na fungu la mihogo, akaliweka mezani kwangu juu ya karatasi. "Nimeliona jina la mwanangu," akasema. "Kubwa hivi, ukutani, limeandikwa vizuri. Mwanahamisi Athumani. Sikudhani kuna mtu anamkumbuka zaidi yangu." Akamshika Anselmi mkono, akanishika na mimi. Anselmi aligeukia dirishani. Mimi nilijiona mtu wa maana, nikawaza kwamba hata nikifa leo nitakuwa nimefanya jambo. Kumbe mle mle mkutanoni, safu kadhaa mbele yake, Mzee Rajabu naye alikuwa ameliona jina lile lile, akaridhika kwamba mama yake yumo. Jina lilikuwa moja. Kila mmoja alilichukua kuwa la mtu wake.

Kwetu wanawake hawaendi kuzika, na kuhamisha kaburi kulichukuliwa kuwa ni kuzika mara ya pili, kwa hiyo Bi Hadija hakutegemea kuwapo. Alitegemea kupigiwa simu. Ilipopita wiki ya tatu akampigia mwenyewe kaka yake, na mimi nilikuwa naanika nguo uani nikiwasikia wote wawili, maana simu yake ilikuwa na sauti kubwa. Waliongea Kizigua, ambacho ndicho cha nyumbani kwetu pia. Mzee Rajabu alimwambia mama amekwisha kuhamishwa tangu Jumatano ya wiki iliyopita, dua imesomwa, kila kitu kimekwenda salama. Akamwuliza, na mtoto? Mzee Rajabu akasema alidhani habari ya mtoto inashughulikiwa upande wa kina Athumani, maana kaburi liko shambani kwao. Bi Hadija akamwambia upande ule hakuna mtu. Kaka yake akasema upande ule greda limeshapita. Nikamwona anaitoa simu sikioni taratibu, anaitazama, kisha anairudisha sikioni.

Aliingia chumbani kwetu saa nne asubuhi, saa ambayo si ya chakula, mikono mitupu. Alikuwa ameshawapigia simu wale wa kampuni, wakamjibu kwamba jina hilo limehamishwa na lina sahihi ya ndugu wa marehemu. "Mwantumu, mwanangu, hebu nitazamie kwenye hiyo kompyuta," akasema. "Si ilitoka humu?" Nikafungua. Fomu zilikuwa mbili, moja ilitolewa taarifa na Rajabu, nyingine na Hadija, na kitongoji ni kile kile. Kwenye jedwali la slaidi, jina lilikuwa moja. Wakala ana tabia ya kuandika alichofanya na kwa nini alikifanya; nikateremka kwenye kumbukumbu zake nikakuta ameandika kwamba ameondoa mstari mmoja unaojirudia, Mwanahamisi Athumani, kwa mujibu wa mwongozo. Chini yake alikuwa ameunukuu mstari wangu, herufi kwa herufi.

"Kuna nini?" Bi Hadija akauliza. Hakujua kusoma vizuri, na kioo kilikuwa kimeelekea kwangu.

"Naangalia, mama. Mtandao unasumbua."

Ndivyo nilivyosema. Akasema haya, akatoka, na mimi nikabaki kwenye kile kiti cha mguu wa waya. Hapo ndipo nilipoacha kuwa kijana, kama nilivyosema, na sikuacha kwa ushujaa.

Anselmi nilimwonyesha jioni ile. Alisoma mara mbili, akakaa chini. Kwanza alitetea, akasema kampuni ndiyo iliyotakiwa kuhakiki, na kwamba mwisho wa mwongozo tumeandika mtumiaji ahakiki kazi ya wakala. Halafu akasema tukijitokeza kazi yote itafutwa, na hakuna atakayetuita tena. Mashine ya kusaga ilikuwa inaunguruma, naye akasema kwa sauti ambayo ilinibidi niinamie mbele niisikie, "Babu yangu kazikwa makambini. Walimwekea kibati chenye namba yake ya kazi. Kibati kimeliwa na kutu, sasa hata namba hakuna. Tukienda tunasimama tu pale, tunakadiria." Sikujua alikuwa ananituliza au ananilaumu, na mpaka leo sijui. Alichukua koti lake akaondoka bila kuaga.

Nilimficha Bi Hadija siku tisa. Kila siku saa saba aliingia na sahani, akaziweka, akaniuliza, "Mtandao umerudi?" na mimi nikasema bado. Chakula kilikuwa kile kile, hakikupungua chumvi wala nazi, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa natafuna naona aibu ya kutafuna. Anselmi aliacha kulalamika kuhusu mchunga, akawa anakula kichwa kimeinama. Siku ya kumi umeme ulikatika, mashine ya kusaga ikazima, ua ukawa kimya kabisa, na yeye akaingia na sahani yangu tu kwa kuwa Anselmi alikuwa amesafiri. Nikamwambia akae.

"Mama, kwenye fomu makaburi yalikuwa mawili. Kwenye orodha likabaki jina moja."

"Jingine lilitolewa na nani?"

"Na wakala. Yule mtu wetu wa kwenye mashine."

"Kwa nini?"

"Alidhani ni mtu mmoja ameandikwa mara mbili."

Akafikiri. Hakuwa na hasira, alikuwa anataka kuelewa. "Yeye hajui kwamba mtoto anapewa jina la bibi yake?"

"Hajui, mama. Anajua yale aliyoandikiwa."

"Na aliyemwandikia?"

"Nilimwandikia mimi."

"Wewe unajua."

"Najua."

Nilitamani anitukane, anirushie ile sahani, aite watu. Akanyanyuka, akaifunua sahani, akaisogeza mbele yangu. "Kula," akasema, "chakula kinapoa." Akatoka. Nami nikala. Sikuwa na njaa, lakini nilikula chote mpaka mwisho kwa sababu ameniambia nile.

Wiki iliyofuata akaniambia, "Utanisindikiza." Hakusema wapi. Tulikwenda mpaka Kabuku, tukashuka, tukachukua pikipiki mbili zikatuingiza ndani. Njia aliyoizoea Bi Hadija tangu utotoni, nyembamba na yenye nyasi katikati, haikuwapo. Palikuwa na barabara pana, nyekundu, imeshindiliwa ngumu, kifusi chake kimeletwa kutoka kilima cha mbali. Mikonge iliyokuwa mpaka wa shamba la Athumani ilikuwa imeng'olewa na kutupwa mtaroni, mizizi juu. Bi Hadija alitembea mbele na nyuma akitafuta kitu cha kupimia, akakuta kichuguu kimoja ambacho greda lilikiacha. Akanisimamisha katikati ya barabara, akaenda kwenye kichuguu, akaanza kuhesabu hatua kuja kwangu. "Rudi nyuma. Tena. Sogea kushoto. Hapo. Usitoke." Kisha akashuka mtaroni kutafuta mawe ya kuweka alama pembeni.

Lori la kifusi lilikuja likipiga honi. Nilisubiri kadiri nilivyoweza, halafu nikaruka kando. Lilipita, vumbi likafunika kila kitu, na lilipotulia nikarudi katikati. Niliangalia chini nitafute alama za viatu vyangu, nikaona alama za matairi tu. Nilisogea hatua mbili huku, nikarudi moja, nikasimama. Bi Hadija akapanda kutoka mtaroni, mawe matatu yamo kwenye khanga, uso umejaa jasho na vumbi, miguu imevimba kwa safari.

"Ni hapo hapo?"

"Ndiyo, mama. Ni hapa hapa."

Angeweza kuhesabu upya kama ningemwambia. Nilijipa sababu kwamba amechoka, kwamba nimeshamuumiza ya kutosha. Akapanga mawe yake pembeni mwa barabara, sambamba na mimi, akainua mikono akaomba. Aliomba muda mrefu. Mimi nilisimama katikati ya barabara nikiwa kama kigingi cha uongo, jua linanichoma utosini, nikasema amina pale alipomaliza.

Aliendelea kutupikia miezi miwili, kisha akarudisha vyumba akaenda kuishi kwa kaka yake. Anselmi alimaliza mkataba akahamia Dar es Salaam. Siku za sikukuu tunatumiana salamu, na jana amenitumia pole ya maneno matatu. Ile mistari ya mwongozo niliibadilisha siku ile ile niliyomwambia Bi Hadija ukweli. Niliandika, "Usiunganishe majina ya watu. Watu wawili wanaweza kuwa na jina moja." Wakala akatii. Alitii upesi na kwa ukamilifu kama alivyotii mwanzo, bila kujua tofauti, na tangu siku hiyo ile raha ya kutiiwa sijaisikia tena. Kazi ya kuandika miongozo naifanya hadi leo, sina nyingine ninayoijua vizuri zaidi. Ninaandika polepole, na kila mstari najiuliza ni nani asiyekuwapo chumbani. Mawe matatu hayakumaliza masika. Nilipita mara mbili tatu kumsalimia Bi Hadija, na kila mara alinipokea, akanilisha, hakuligusa lile jambo.

Jana, kabla jeneza halijatolewa ndani, Mzee Rajabu aliniita nyuma ya jiko. Nikamwamkia, shikamoo mjomba, akaitikia. Alikuwa na kifuko kitupu cha sukari mkononi.

"Dada yangu kaniachia neno," akasema. "Anataka kiganja kimoja cha udongo wa pale alipo mtoto, aende nao. Mashekhe wakisikia watasema haifai, lakini ndiyo neno lake. Kasema wewe ndiye unayepajua. Kasema ulisimama pale pale."

Nikachukua kile kifuko, kijana mmoja akanipeleka kwa pikipiki. Nilitembea barabarani juu na chini. Kichuguu hakikuwapo tena, mtaro umehamishwa, upande mmoja wamepanda mahindi. Udongo wa barabarani ulikuwa kifusi cha kuletwa, si wa shamba lile hata kidogo. Nikashuka pembeni, nikafukua kwa vidole chini ya majani mahali palipoonekana hapakuguswa, nikajaza kiganja kimoja, nikafunga kifuko. Kijana wa pikipiki aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia ndiyo.

Mzee Rajabu alikuwa ananisubiri pale pale nyuma ya jiko. Akaupokea udongo kwa mikono miwili.

"Ni pale pale?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Nilikwisha kulisema mara moja, na aliyeambiwa alikuwa amelala ndani amefunikwa. "Hapana, mjomba," nikasema. "Ni shamba lile, lakini mahali sipajui. Siku ile lori lilinitoa, nikarudi kusimama popote, nikamdanganya. Sijawahi kupajua."

Akautazama mkono wake, akanitazama mimi. Ndani walikuwa wamekwisha kuinua jeneza, wakamwita. Akakitia kile kifuko kwenye mfuko wa kanzu, akaenda kushika nafasi yake mbele. Wanaume wakaondoka, sisi tukabaki uani kwenye mikeka. Waliporudi mikono yao wote ilikuwa na udongo, na ya kwake pia, na mfuko wa kanzu yake ulikuwa umelala bapa. Kama aliuweka kaburini au aliumwaga njiani, sijui. Nilimpa mkono wa pole, akaupokea.